Hulka na Mazoezi: Hoja ya Imam Ghazali juu ya Tabia ya Mwanadamu

Mtu akilaumiwa kwa ghadhabu zake au kwa ubahili wake, aghalabu hujitetea kwa kusema kwamba ndivyo alivyoumbwa, na wanaomsikiliza hunyamaza kama watu waliokatwa hoja. Udhuru huu ni wa kale. Imam Abu Hamid al-Ghazali, aliyezaliwa Tus katika nchi ya Khurasani mwaka 1058, aliukuta umekwisha kuota mizizi katika zama zake, akaujibu katika kitabu chake kikubwa, Ihya Ulum al-Din. Na jawabu lake, kwa rai yangu, halijatenguliwa hata leo.

Lau tabia isingebadilika, alihoji, basi mawaidha yote, wasia wote na adabu zote zingekuwa upuzi. Na mbona mbwa wa kuwinda hufundishwa kuzuia ulafi wake asile windo? Kokwa ya tende si mtende wala si mtofaa, lakini imeumbwa kwa namna ambayo ikipata malezi huwa mtende, ingawa mtofaa haiwi kamwe, ilelewe vyovyote. Kwa hiyo hakudai kwamba ghadhabu na matamanio yang'olewe, maana asiyetamani chakula hufa, na asiyekuwa na ghadhabu hata chembe hawezi kujikinga na kinachomwangamiza; alilolitaka ni kuyarudisha katika wasitani, na hapo alifuata njia waliyoipita kabla yake Ibn Miskawayh na, zamani zaidi, Aristotle wa Uyunani, waliouweka ushujaa kati ya woga na kujitosa bila akili, na ukarimu kati ya ubahili na israfu.

Hulka, katika maelezo yake, ni hali iliyotulia ndani ya nafsi, ambayo matendo hutoka kwayo kwa wepesi, pasipo kufikiri sana. Kipimo hiki ni kikali kuliko tunavyodhani. Muuza nafaka ambaye, akija mteja mwenye jaha, hurundika kibaba kikawa cha tele hata punje zikamwagika mkekani, na akija mtoto aliyetumwa na mamaye hupitisha kiganja mdomoni mwa kibaba kikawa cha mfuto, hawezi kuhesabiwa miongoni mwa wakarimu kwa sababu ya ile tele, iliyotoka katika hesabu ya faida. Tabia yake imo katika kibaba cha mtoto, ambacho mkono wake ulikipima wenyewe bila kushauriana na mtu.

Basi asiye karimu ataupataje ukarimu? Na atende matendo ya wakarimu kwa kujikalifisha, alijibu Ghazali, mpaka lililokuwa zito liwe jepesi, kama mwanafunzi wa hati anavyoiga mkono wa katibu hodari hata mkono wake nao ukaandika vizuri kwa tabia. Najua wapo watakaosema kwamba kutenda wema ambao moyo haujaukubali ni riya tupu, na kwamba ni heri mtu angoje hata moyo wake usafike. Kauli hiyo ina sura ya uchaji, lakini naiona ni hatari, kwa kuwa mwenye kungoja usafi wa moyo hufa angali akingoja, na maskini mlangoni pake hufa na njaa. Mwenye riya ataka macho ya watu. Mwenye kujizoeza ataka kuwa mtu ambaye hajawa bado, naye huwa radhi tendo lake lisionwe na yeyote. Hawa wawili hawafanani ila kwa nje.

Ghazali aliyajua hayo kwa kuyaonja. Mwaka 1091 alipewa kiti cha ualimu katika madrasa ya Nidhamiya ya Baghdad, akasifika kote; kisha akaipeleleza nia yake katika kufundisha, akaiona inakimbilia jaha na kuenea kwa jina. Karibu miezi sita alivutwa huku na huku, leo akiazimu kuondoka na kesho akivunja azma, mpaka ulimi wake ukafungwa darasani asiweze kutamka neno, na mwaka 1095 akaigawa mali yake, asibakize ila cha kutosha yeye na watoto wake, akashika njia ya Sham.

Lakini aibu ya nafsi ni ngumu kuonwa na mwenyewe, na kwa sababu hiyo aliandika njia nne za kuijua: kukaa mbele ya shekhe mwenye basira, kuwa na rafiki mkweli, kusikiliza ndimi za mahasimu, na kuchanganyika na watu. Ile ya tatu ndiyo tunayoidharau, ingawa hasimu hutamka waziwazi lile ambalo rafiki ameliona miaka mingi akalimeza kwa kuchelea kutuudhi. Na kuhusu rafiki mkweli, Ghazali alisikitika kwamba katika zama zake alikuwa adimu, na kwamba watu walikwisha kufika hali ya kumchukia kuliko viumbe wote yule anayewanasihi na kuwaonesha aibu zao.