Mbarika, Magadi na Reli: Historia ya Chumvi Moja ya Sabuni katika Milima ya Upare

Apandaye kutoka Same kwenda Mbaga au Chome hukutana na mbarika mapema sana njiani. Mti huu haumngoji mkulima. Huota penye jalala, kandokando ya barabara na katika mashamba yaliyoachwa. Waswahili huuita pia mbono na mnyonyo, na mafuta yake ni mafuta ya nyonyo. (Msomaji asiuchanganye na mbono kaburi, ambao ni mti mwingine kabisa.) Asili yake ni pande hizi hizi za Afrika ya Mashariki, nao ulikwisha kufika Misri zamani za Mafirauni. Herodotus, katika karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika kwamba Wamisri waliyatia mafuta yake katika taa, ijapokuwa harufu yake haikumpendeza.

Swali langu ni la historia, lakini halijibiki pasipo kemia kidogo. Milima hii ilikuwa na mbarika mlangoni na majivu jikoni, na magadi yalipatikana katika nchi za jirani. Kwa nini basi sabuni iliingia humo kama bidhaa ya dukani? Wako wanaojibu upesi kwamba ujuzi haukuwapo. Jibu hilo silikubali. Katika Ugweno, upande wa kaskazini wa milima, Washana walikuwa wafua chuma mashuhuri, na kwa mapokeo aliyoyaandika Isaria Kimambo katika kitabu chake cha mwaka 1969, ndio waliotawala huko kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Watu waliojua kukitenga chuma na mchanga wake kwa moto wa makaa hawawezi kuambiwa kwamba hawakujua kugeuza kitu kiwe kingine.

Na tuitazame chumvi yenyewe. Mbegu ya mbarika ina mafuta karibu nusu ya uzito wake. Mafuta hayo, kama mafuta yote, ni asidi zilizofungamana na gliserini; jambo hili lilielezwa na Mfaransa Chevreul katika kitabu chake cha mwaka 1823. Lakini kiasi cha asilimia 85 hadi 90 ya asidi za nyonyo ni ya namna moja tu, iitwayo asidi ya risinoleiki. Ina kaboni 18, na juu ya kaboni ya 12 imeshikwa chembe ya oksijeni pamoja na haidrojeni, mfano wa ile iliyo katika pombe. Kwa sababu hiyo mafuta ya nyonyo ni mazito mno, na huchanganyika na spiriti, jambo ambalo mafuta ya nazi hayafanyi hivi hivi. Yakikutana na soda kali, ambayo watengeneza sabuni huiita kostiki, gliserini huachiliwa, na asidi hushikana na sodiamu. Hiyo ndiyo risinoleti ya sodiamu, chumvi ya sabuni. Huyeyuka majini kwa wepesi, na hufanya sabuni iwe angavu kama kioo. Lakini peke yake ni laini, kwa hiyo mafundi huchanganya nyonyo kidogo na mafuta ya nazi au mawese.

Hapa ndipo penye kikwazo. Magadi si kostiki. Magadi ni kaboneti, na kaboneti haina nguvu ya kuyavunja mafuta sawasawa. Hali kadhalika majivu. Sharti yachemshwe pamoja na chokaa, ndipo ukali upatikane. Kilichokosekana, basi, ni hatua moja tu, nayo ni hatua ya kiwanda: chokaa iliyochomwa, vyungu vikubwa, kuni nyingi, na mnunuzi wa kudumu. Kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka 1911 kuchimba ziwa la Magadi, ng'ambo ya mpaka huko Kenya. Mwaka huo huo reli ya Wajerumani kutoka Tanga, ipitayo Same, ilifika Moshi. Mali ghafi mbili za sabuni zikawa karibu na reli, na reli zote mbili zilielekea baharini.

Reli ya namna hiyo haikujengwa ili mafuta na magadi vikutane Same. Tanganyika ya Waingereza iliuza mbegu za mbarika nchi za nje, zikiwa mbegu, na kukamuliwa kwake kukafanyika huko. Mtu wa milimani alidaiwa kodi kwa fedha, na aliyedaiwa fedha hutafuta kitu cha kuuza, hatafuti chungu cha kupikia sabuni. Ni vema kukumbuka kwamba mwaka 1945 Wapare kwa maelfu walikusanyika Same kuipinga kodi ya mbiru, iliyopimwa kwa mali ya kila mtu. Sisemi kwamba walikuja kwa ajili ya mbarika. Nasema tu kwamba kila hesabu ya mali katika milima hiyo, pamoja na ile ya mbegu zisizopandwa, ilipitia kituo kile.

Kwa nini wageni waliitaka mbegu hii? Ndege nyingi za vita vya 1914–1918 zililainishwa injini zake kwa mafuta yake. Mwaka 1942 Mmarekani Clarence Earle alipata hataza ya grisi yenye sabuni ya lithiamu, na grisi za jamii hiyo hupikwa zaidi kwa mafuta ya nyonyo yaliyotiwa haidrojeni. Grisi, kwa hiyo, nayo ni sabuni, isipokuwa haioshi. Tena, risinoleti ya sodiamu ikichomwa pamoja na kostiki kwa joto la digrii 250 hivi, hukatika vipande viwili: kimoja cha kaboni 10, kifanyacho nailoni, na kingine cha kaboni 8. Katika miaka ya 1930 chumvi hiyo hiyo ilitiwa hata katika dawa za meno huko Marekani.

Tumboni nako vimeng'enya huiachilia asidi ile ile kutoka katika mafuta, na mwaka 2012 watafiti wa Ujerumani walionyesha jinsi inavyoyasukuma matumbo. Sumu ya mbegu, risini, ni proteni. Haiyeyuki katika mafuta, bali hubaki katika mashudu, na mashudu mabichi huua mifugo.

Fundi wa Same wa leo anaweza kununua kostiki dukani. Adui yake ni maji. Makanya, kusini ya mji, huchimbwa jasi, na maji yapitayo penye jasi hubeba kalisi. Kalisi huinyang'anya sabuni sodiamu yake, na povu likageuka utando wa kijivu juu ya beseni.