Buni Mbili za Tunda Moja

Ukikaribishwa nyumbani kwa Wahaya wanaoshika mila zao, kahawa huwekewi kikombeni. Unapewa mkononi: punje chache kavu, nyeusi, zenye harufu ya majani, uzitie mdomoni na kuzitafuna taratibu huku mazungumzo yakianza. Hiyo ndiyo akamwani. Buni huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, huanikwa mpaka ikauke kabisa, kisha huwekwa akiba kwa ajili ya wageni. Mwenye nyumba asiye na akamwani ya kumpa mgeni hujiona amepungukiwa.

Naanzia hapa makusudi. Historia ya kahawa nchini mwetu Tanzania imezoeleka kusimuliwa kuanzia misheni. Kwa Kilimanjaro ni sawa, maana mapadri wa Roho Mtakatifu ndio walioipanda arabika Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na Wachaga wakaiingiza kwenye vihamba vyao chini ya migomba. Kwa magharibi ya Ziwa Viktoria, kwao Wahaya, simulizi hilo halifai hata kidogo. Robusta ni mti wa misitu ya Afrika, na Wahaya, kama jirani zao Waganda, walikuwa nao vibanjani, yaani katika mashamba ya nyumbani, kabla Emin Pasha hajajenga boma la Wajerumani Bukoba mwaka 1890. Walioletewa zao ni wengine. Wahaya waliletewa bei.

Kabla ya bei, buni ilikuwa na kazi zake. Kubwa kuliko zote ilikuwa omukago, undugu wa kuchanjiana. Ukipasua tunda la kahawa utakuta ndani yake buni mbili, zimelaliana tumbo kwa tumbo. Watu wawili waliotaka kuwa ndugu waligawana buni hizo, kila mmoja akaipaka yake damu iliyotoka mwilini mwake, akamlisha mwenzake. Tangu hapo walikuwa kama waliozaliwa tumbo moja, na kuusaliti undugu huo lilikuwa jambo la kutisha. Sijui mmea mwingine wa biashara katika nchi hii uliowahi kubeba dhamana ya namna hiyo.

Kitu chenye uzito huo hakikuachwa kipandwe ovyo. Bakama, wafalme wa falme za Kihaya, walikuwa na kauli juu ya mibuni, na mtu wa kawaida hakuweza tu kuamka asubuhi akaotesha mbegu apendavyo. Mti wenyewe huishi miaka mingi, ukarithiwa pamoja na kibanja na makaburi ya wazee yaliyomo. Kwa hiyo swali la nani mwenye kauli juu ya mbuni ni la zamani kuliko ukoloni. Ukoloni ulibadilisha wagombezi.

Wajerumani walitaka kodi ya nyumba, na walitaka ilipwe kwa rupia. Mwishoni mwa mwaka 1901 reli ya Uganda ilifika Kisumu, na ghafla buni ya Bukoba ikawa na njia: kuvuka ziwa kwa chombo, kupanda treni, kushuka Mombasa. Wajerumani wakagawa pia miche ya arabika, ambayo haikuwa chini ya miiko ya Bakama. Mtu aliyekuwa akiomba ruhusa sasa alihimizwa kupanda.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliikuta mibuni imeshika, na miaka ya 1920 bei ilipanda. Mabati yakaanza kung'aa juu ya nyumba, watoto wakapelekwa shule, na watu wa Rwanda, Burundi na Ankole wakaja kutafuta vibarua. Lakini fedha hiyo ilikuwa na upande mchungu. Kibanja chenye mibuni sasa kilikuwa mali, na wakubwa wakatanua nyarubanja, ule mfumo wa kumiliki vibanja vya watu na kuwatoza waliomo. Mkulima alipalilia, alichuma, alianika, na sehemu ya jasho lake ikaenda kwa bwana wa ardhi. Madhila hayo yaliendelea mpaka baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1965 ilipoanza kuuvunja mfumo huo. Kwa maoni yangu hii ni sura isiyosimuliwa vya kutosha. Tunapenda kusema kahawa ilijenga Bukoba, na ni kweli, lakini haikuwajengea wote.

Mwaka 1937 hasira ililipuka. Serikali ilileta kanuni za namna ya kutunza mibuni, na wakulima wengi wakaona mkono wa mtu mwingine ukiingia kibanjani. Kulikuwa tayari na chama cha wakulima Waafrika kilichoongozwa na Klemens Kiiza, mtu aliyethubutu kuanzisha kinu chake cha kukoboa kahawa wakati biashara hiyo ilipokuwa mikononi mwa wageni. Ghasia zikatokea Bukoba, na mwaka huohuo zikatokea Moshi, Kilimanjaro, ambako wakulima walipinga kulazimishwa kuuza kupitia KNCU, ushirika uliosajiliwa mwaka 1933. Wa Bukoba waligombea namna ya kulima na wa Moshi namna ya kuuza. Wote walitaka mwenye mti asikilizwe.

Bukoba ilipata chama chake kikuu cha ushirika mwaka 1950. Miaka ya 1960 kikajengwa kiwanda cha kahawa ya unga, TANICA, na kwa mara ya kwanza robusta ya Wahaya iliweza kutoka kwao ikiwa tayari kwa kunywa. Kisha mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika nchini kote. Ulikuwa ni mwaka wa uchungu wa pekee, kwa sababu baridi kali ilikuwa imeua mibuni ya Brazil mwaka uliotangulia na bei ya dunia ilikuwa inapaa, wakati wakulima hawana tena ushirika wao. Ushirika ulirudishwa miaka ya 1980. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukishikilia bei ulivunjika, na mwaka 1994 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa. Juu ya hayo, katika miaka hiyo ya 1990 mnyauko wa mibuni uliingia Kagera, mkoa wa Bukoba, ukakausha miti iliyokuwa imesimama tangu enzi za mababu.

Shida inayodumu zaidi ina jina la Kihaya: butura. Mzazi mwenye ada ya shule au mgonjwa hospitalini huuza kahawa ikiwa bado ua. Mwenye fedha humpa kiasi kidogo leo, na msimu ukifika huja kuchuma yote. Serikali imepiga marufuku na viongozi wamehubiri, lakini ua hutoka miezi mingi kabla ya malipo, na maradhi hayangoji msimu. Mkulima huyo hupalilia mwaka mzima miti iliyosimama kwake akijua kwamba matunda yake ni ya mtu mwingine.

Hata hivyo zipo nyumba ambazo, gunia la mwisho likishatoka, bado hutenga mafungu madogo ya buni. Hayo hayapimwi wala hayapelekwi ghalani. Huchemshwa na majani, yakaanikwa, yakawekwa ndani yakingoja wageni.