Sataranji, Kompyuta na Sheria ya Sare



Wachezaji wa sataranji wameulizana kwa muda mrefu: je, mchezo huu unaweza kupatiwa jibu kamili, ijulikane tangu mwanzo nani atashinda iwapo wote wawili hawakosei? Kazi yangu serikalini ni kanuni na taratibu, na historia ya swali hili imenivuta kwa sababu jibu halitegemei hesabu peke yake. Linategemea pia sheria.

Mwaka 1913 mwanahisabati Mjerumani Ernst Zermelo alionyesha kwamba yako mambo matatu tu: ama mwenye kete nyeupe anaweza kulazimisha ushindi, ama mwenye nyeusi, ama kila mmoja anaweza kujikinga asishindwe. Lipi kati ya hayo, hakusema. Mwaka 1950 Mmarekani Claude Shannon alikadiria kwamba njia za kuucheza mchezo mzima ni nyingi kiasi cha moja yenye sifuri 120 nyuma yake. Hakuna kompyuta iwezayo kuzipitia moja moja.

Zikibaki kete chache, kazi hiyo inawezekana. Chukueni mfalme na maaskofu wawili dhidi ya mfalme na farasi mmoja. Mwaka 1851 Kling na Horwitz, waliokuwa wakiishi London, walionyesha namna mwenye farasi anavyoweza kujikinga, na kwa zaidi ya miaka 130 wachezaji waliamini kwamba huo ni mchezo wa sare. Mwaka 1983 Ken Thompson wa Marekani aliipa kompyuta kazi ya kuchunguza kila nafasi. Ikaonekana kwamba kwa kawaida mwenye maaskofu hushinda, ila mara nyingine huhitaji hatua 66 kabla ya kumla farasi.

Hapo ndipo sheria inapoingia. Zikipita hatua 50 za kila upande bila kete kuliwa wala askari kusogezwa, mchezaji anaweza kudai sare. Sheria hiyo iliwekwa ili mkaidi asimchoshe mwenzake usiku kucha. Lakini mwenye kuhitaji hatua 66 anaambiwa hakushinda! Katika miaka ya 1980 shirikisho la sataranji la dunia liliongeza kikomo kwa miisho michache ya namna hiyo. Mwaka 1992 likarudisha 50 kwa yote. Kisha mwaka 2006, katika mchezo wa kete saba, kompyuta ilionyesha ushindi unaohitaji hatua 517 kabla ya kete kuliwa. Kwa hesabu ni ushindi. Kwa sheria ni sare.

Wengine huogopa kwamba mchezo ukipata jibu utakufa. Drafti ya Kiingereza ilipata jibu mwaka 2007, baada ya kazi iliyoanza mwaka 1989 chini ya Jonathan Schaeffer huko Alberta, Kanada: wote wasipokosea, ni sare. Hata hivyo watu bado wanaicheza, maana binadamu hukosea.

Vijana, mkiambiwa kwamba jambo fulani lina jibu au halina, ulizeni kwanza kikomo chake ni kipi na kiliwekwa kwa sababu gani. Kikomo ni cha lazima, la sivyo hakuna shauri litakalokwisha. Lakini aliyekiweka ni mtu, naye huweza kukisogeza.