Mwisho Waliotaka Ubadilishwe

Kabla ya kuipiga marufuku filamu ya Rafiki, Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya ilitaka kwanza mwisho wake ubadilishwe. Mwongozaji wake, Wanuri Kahiu, ameeleza jambo hilo katika mahojiano: wakaguzi waliona mwisho una matumaini mno na mhusika mkuu haonyeshi kujuta. Angekubali kuubadilisha, filamu ingepewa daraja la watu wazima na kuonyeshwa. Alikataa. Tarehe 27 Aprili 2018 bodi ikaizuia nchini Kenya.

Nilipoyasoma hayo nilikuwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili ya historia, natafuta mada ya tasnifu. Siku zote nilidhani kinachokatazwa ni mapenzi yenyewe. Hapa niliambiwa kitu kingine: mapenzi ya wasichana wawili yangeweza kupita, mradi mwishoni mmoja wao alie na kuomba radhi. Nilifunga kompyuta nikatoka nje. Nilikuwa nimekumbuka barua moja ya kuomba msamaha iliyoandikwa katika bweni moja mkoani Singida, mwaka huohuo wa 2018, na sehemu yangu katika barua ile.

Lakini nianze na filamu.

Rafiki ilitokana na hadithi fupi ya Mganda Monica Arac de Nyeko, "Jambula Tree", iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Alikuwa Mganda wa kwanza kuipata. Jambula ni mti tunaouita mzambarau. Katika hadithi hiyo wasichana wawili wa mtaa wa Nakawa, Kampala, wanafumaniwa chini ya mti huo, na mmoja anasafirishwa kwenda Uingereza. Anayebaki ndiye anayesimulia. Kahiu, aliyekuwa tayari amejulikana kwa filamu fupi ya Pumzi ya mwaka 2009, aliandika muswada wa filamu pamoja na Jena Bass wa Afrika Kusini, akaihamishia hadithi Nairobi.

Kena, aliyeigizwa na Samantha Mugatsia, anacheza mpira na vijana wa mtaani na kumsaidia baba yake dukani. Ziki, aliyeigizwa na Sheila Munyiva, ana nywele za rangi rangi na hapendi kukaa nyumbani. Baba zao wanagombea kiti kimoja katika uchaguzi wa mtaa. Mama mwenye kibanda cha chakula anajua habari za kila mtu na anazigawa bila malipo. Wasichana hawa wanapendana, wanagunduliwa, wanapigwa na kundi la watu, wanafikishwa polisi. Ziki anapelekwa London. Miaka inapita. Kena sasa anafanya kazi hospitalini, ile kazi ambayo Ziki alimwambia anaiweza wakati yeye mwenyewe alikuwa anajiona wa kuwa muuguzi tu. Anasikia Ziki amerudi. Katika picha ya mwisho amesimama mlimani, sauti inamwita, mkono unagusa bega lake.

Ni hivyo tu. Hakuna harusi wala hotuba. Mkono begani ndio uliosumbua bodi.

Ukiitazama historia ya sinema katika nchi zetu, jambo hilo halishangazi sana. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Waingereza walikuwa na kituo cha kutengenezea filamu Vugiri, katika milima ya Usambara, chini ya mradi wa sinema ya elimu kwa Wabantu uliogharamiwa kwa sehemu kubwa na shirika la Carnegie la New York. Walitoa filamu 35 zilizozungushwa kwa gari Tanganyika na nchi jirani. Nyingi zilikuwa za safura, malaria ya watoto, kilimo na kodi. Moja ilihusu benki ya akiba ya posta: anayefukia fedha zake anaibiwa, anayezipeleka posta anazikuta salama. Mtazamaji hakuachwa na swali. Mjinga aliadhibiwa, mwerevu alifanikiwa, taa zikawashwa.

Baada ya uhuru mafundisho yalibadilika, umbo likabaki. Fimbo ya Mnyonge, filamu ya Kampuni ya Filamu Tanzania ya miaka ya 1970, inamfuata mtu anayekimbilia mjini, anashindwa, anatembelea vijiji vya ujamaa na kurudi kwao kuanzisha kimoja. Na filamu nilizokua nazo mimi, zile za Kibongo tulizotazama katika mabanda ya video, msichana aliyekwenda kinyume alikuwa na njia mbili: kufa, au kupiga magoti mbele ya mama yake huku muziki ukiongezwa sauti. Tulishajua kabla hatujakaa. Tulikuwa tunabishana tu ni ipi kati ya hizo mbili.

Sheria nazo zilikuwa za umri huo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani iliyotumika dhidi ya Rafiki ilitungwa mwaka 1962, Kenya ikiwa bado koloni. Yetu ya Tanzania, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, ni namba 4 ya mwaka 1976. Mwaka 2014 bodi ya Kenya ilikuwa imeshaizuia Stories of Our Lives, mkusanyiko wa filamu tano fupi za rangi nyeusi na nyeupe zilizotokana na simulizi za watu halisi. Watengenezaji wake walipoipeleka tamasha la Toronto mara ya kwanza, walificha majina yao.

Rafiki haikufichwa. Mei 2018 ilionyeshwa Cannes, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa na tamasha lile. Kisha Kahiu akaenda mahakamani. Ili filamu iweze kufikiriwa kwa tuzo ya Oscar, ilipaswa kuonyeshwa hadharani nyumbani kwa siku saba mfululizo. Tarehe 21 Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu alisimamisha marufuku kwa siku saba, kwa watu wazima pekee. Watu wakajaa ukumbini Nairobi, tiketi zikaisha, maonyesho yakaongezwa. Siku ya nane marufuku ikarudi. Kenya hatimaye ilipeleka Supa Modo kwenye Oscar, na mwaka 2020 Mahakama Kuu ikaunga mkono uamuzi wa bodi. Lakini kwa siku saba watu walinunua bisi, wakakaa gizani, wakatazama mwisho ule bila kuubadilisha.

Sisi Singida hatukusikia lolote kuhusu siku hizo saba. Tulichosikia kilikuja mwezi mmoja baadaye, kupitia redio ya matroni.

Mwishoni mwa Oktoba 2018 aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alitangaza kuunda kikosi cha kuwasaka mashoga na kuwataka wananchi wapeleke majina. Siku chache baadaye serikali ilisema hayo yalikuwa maoni yake binafsi, si msimamo wa serikali. Taarifa ya pili haikutufikia kwa nguvu ya ile ya kwanza. Jumatatu iliyofuata mwalimu wa malezi alisimama mstarini, akasema "tabia za mjini" zimeanza kuingia hata mashuleni, na kwamba viranja wanajua wajibu wao.

Mimi nilikuwa kidato cha sita, kiranja wa bweni. Jumamosi tulikagua matranka. Nilikuwa nimekagua mara nyingi: unatafuta simu, jiko la umeme, nguo za nyumbani. Safari ile tuliambiwa tutafute barua.

Nilizikuta katika tranka la mwenzangu wa darasa, zimefungwa kwa utepe wa sare ya zamani. Zilikuwa tisa. Nilisoma mbili nikiwa nimechuchumaa sakafuni. Hazikuwa na neno la aibu. Wasichana hawa wawili, wote tuliwaita "marafiki" na kucheka kidogo tukisema hivyo, walikuwa wanapanga maisha. Wangekwenda Dar es Salaam baada ya mtihani. Mmoja angeandika filamu, mwingine angeigiza, na baadaye wangenunua kamera yao ili wasimwombe mtu. Katika barua ya pili walikuwa wanabishana kuhusu hadithi yao ya kwanza. Yule mwandishi alitaka mhusika afe. Yule mwigizaji aliandika kwamba hataki kuigiza mtu anayekufa. Kama ni hivyo, atafute mwingine.

Ningeweza kuzirudisha ndani ya tranka. Hapakuwa na mtu karibu. Nilizipeleka kwa matroni.

Wazazi waliitwa. Walipewa sharti: kila mmoja aandike barua ya kuomba msamaha, akiri kosa, aahidi kubadilika, na barua isomwe mstarini. Aliyekuwa anataka kuwa mwandishi aliandika. Nilimsikia akiisoma, upepo wa Novemba ukiipeperusha karatasi hata akalazimika kuishika kwa mikono miwili. Aliruhusiwa kuendelea na akafanya mtihani Mei 2019. Aliyetaka kuwa mwigizaji alikataa kuandika. Baba yake alikuja na pikipiki, wakalifunga tranka nyuma kwa mpira, wakaondoka. Hatukumwona tena.

Kahiu amesema aliiita filamu yake Rafiki kwa sababu katika nchi zetu watu wa namna hii wanapomtambulisha mpenzi wao husema hivyo tu: huyu ni rafiki yangu. Neno linawahifadhi, na pia linawafuta. Nilipokuwa natafuta namna ya kuliandikia hili, nilikutana na makala ya mwanaanthropolojia Mmarekani Harold Schneider, aliyefanya utafiti kwa Wanyaturu mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1971 alichapisha makala kuhusu mapenzi katika jamii yetu, na neno lililomshughulisha ni mbuya: mpenzi wa nje ya ndoa, ambaye uhusiano naye ulijulikana na jamii lakini haukutangazwa. Kwa majirani zetu Wanyamwezi na Wasukuma neno hilohilo humaanisha rafiki.

Nilikwenda Ilongero likizo nikamuuliza bibi yangu. Tulikuwa tunapukuchua alizeti.

"Bibi, mbuya ni nani?"

Alifunika mdomo kwa mkono. "Hilo umelitoa wapi, mjukuu wangu?"

"Kitabuni. Mzungu aliandika."

"Mzungu!" Akacheka hadi akaacha kazi. Kisha akasema ni mtu unayemjua na kila mtu anajua unamjua, na hakuna anayekuuliza.

Sitaki kulibebesha neno hili mzigo usio wake. Schneider aliandika kuhusu wanaume na wanawake, na bibi yangu naye aliwazungumzia hao. Mwanahistoria hana ruhusa ya kujaza pengo kwa sababu tu pengo linamuuma. Ninachoweza kusema ni kidogo zaidi: watu wangu walikuwa na neno la mapenzi yasiyo na cheti, na walijua kuishi nayo bila kumtaka mtu asome barua mstarini. Ile desturi ya kulazimisha majuto ya hadharani sikuikuta kwa bibi. Niliikuta shuleni, katika filamu, na katika masharti ya bodi.

Mwaka jana nilipata namba ya yule aliyesoma barua. Sasa anafundisha shule ya msingi, mkoa mwingine. Ilinichukua wiki tatu kumpigia. Baada ya salamu nilimwambia kwamba ni mimi niliyepeleka zile barua kwa matroni.

"Najua," alisema. "Nilijua siku ileile. Wewe ndiye ulikagua upande wetu."

Nilimwomba msamaha. Hakusema amenisamehe na hakusema hapana. Aliniuliza nasoma nini siku hizi, nikamwambia kuhusu tasnifu, kuhusu Nairobi, kuhusu filamu. Alikuwa hajawahi kuisikia. Hakuuliza nani ameigiza wala imetengenezwa lini.

"Mwishoni wanafanywa nini?"

Nikamsimulia: miaka imepita, mmoja yuko hospitalini anafanya kazi, mwingine amerudi, sauti inaita, mkono uko begani.

"Hakuna anayekufa?"

"Hakuna."

"Na yule wa hospitali haombi msamaha?"

"Haombi."

Nilisikia watoto wakipiga kelele nyuma yake, kengele ikilia. Nilidhani atakata simu aende darasani.

"Nitumie," akasema. "Halafu nitafutie namba ya mwenzangu. Wewe si ndiye mtafiti?"

Bado natafuta.