Fantasy Premier League: Namna ya kupima kama badiliko la mchezaji lina faida

Kila inapokaribia Jumamosi, ujumbe unaoingia kwa wingi kwenye simu ya kipindi cha michezo ni huu: "Mtangazaji, nimtoe huyu nimwingize yule?" Wengi wanaouliza wapo kwenye ligi ndogo za marafiki, za kijiwe au za kibanda umiza, na baadhi wametoa mchango wa zawadi ya mshindi. Hatuwezi kumjibu kila mmoja hewani, kwa hiyo tumeandika hapa namna ya kulipima badiliko wewe mwenyewe, kwa kalamu na karatasi, bila kumaliza bando.

Kanuni tunazozitumia ni za msimu wa 2025/26. Kanuni hubadilika kidogo kila mwaka, hivyo zipitie upya msimu unapoanza.

Kwanza, mchezo wenyewe kwa kifupi

Unapewa paundi milioni 100 za mchezo, si fedha halisi. Unanunua wachezaji 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3. Huruhusiwi kuchukua zaidi ya watatu kutoka klabu moja. Kila raundi unapanga 11, wanne wanakaa benchi, na pointi za nahodha huzidishwa mara mbili.

Pointi za msingi ni hizi:

- Kucheza dakika 60 au zaidi: 2. Chini ya hapo: 1.
- Bao la mshambuliaji: 4. La kiungo: 5. La beki: 6.
- Pasi ya bao: 3.
- Timu kutoruhusu bao: kipa na beki 4, kiungo 1.
- Beki akifikisha jumla ya vitendo 10 vya ulinzi (kuondosha hatari, kuzuia mashuti, kunasa pasi na kupokonya mpira): 2.
- Kadi ya njano: hukatwa 1. Nyekundu: hukatwa 3.

Kila raundi unapata badiliko moja la bure. Usipolitumia linawekwa akiba, na akiba haizidi mabadiliko 5. Ukibadili zaidi ya uliyonayo, kila badiliko la ziada linakukata pointi 4. Hapo ndipo wengi wanapopotezea ligi. Mtu anayekatwa pointi 4 kila baada ya raundi moja, katika raundi 38 atakuwa amekatwa 76. Hizo ni sawa na mabao 19 ya mshambuliaji.

Usilinganishe majina, linganisha wiki zijazo

Swali la kwanza si "nani mchezaji bora?" bali "nani ataniletea pointi nyingi zaidi katika raundi nitakazokaa naye?" Mchezaji aliyefunga mabao matatu wiki iliyopita amekwisha kuwapa pointi waliokuwa naye. Wewe unayemnunua leo hupati hata moja ya hizo.

Angalia mambo manne kwa mpangilio huu:

1. Dakika. Je, anaanza kila mechi? Klabu inayocheza Ulaya katikati ya wiki mara nyingi hupumzisha watu Jumamosi.
2. Kazi yake uwanjani. Anayepiga penalti, kona na mipira ya adhabu ana njia nyingi za kupata pointi.
3. Wapinzani wa raundi nne au tano zijazo, na mechi ngapi ziko nyumbani.
4. Bei yake, na fedha itakayobaki kwa nafasi nyingine.

Msimu wa 2023/24 ulilionyesha jambo hili vizuri. Erling Haaland alianza msimu kwa bei ya milioni 14.0 na akamaliza na pointi 217. Cole Palmer, aliyehamia Chelsea kutoka Manchester City mwanzoni mwa Septemba 2023, alianza kwa milioni 5.0 na akamaliza na pointi 244. Aliyeona mapema kwamba kijana huyo anaanza kila mechi na anapiga penalti alipata pointi nyingi, na milioni 9 zikabaki za kuimarisha kikosi kizima.

Hiyo haina maana kwamba wa bei kubwa hawafai. Nahodha huzidishiwa pointi, na Mohamed Salah alionyesha hilo msimu wa 2024/25 alipofikisha pointi 344. Bei kubwa inalipa kwa mtu utakayempa unahodha mara kwa mara. Kama hutampa, pima upya.

Hesabu ya makato ya pointi 4

Tuseme mshambuliaji wako unamkadiria pointi 4 kwa raundi, na unayemtaka unamkadiria 5.5. Tofauti ni pointi 1.5 kwa raundi. Huna badiliko la bure.

Ukimbadili leo kwa makato na ukakaa naye raundi nne, unapata 1.5 mara 4, yaani 6. Toa 4, inabaki faida ya 2. Wengi huishia hapo na kusema badiliko linalipa.

Lakini kuna njia ya tatu waliyoisahau: kusubiri raundi moja na kumbadili bure. Ukisubiri unapoteza tofauti ya raundi moja tu, yaani 1.5. Katika raundi tatu zilizobaki unapata 4.5, bila makato yoyote. Faida ni 4.5 badala ya 2. Kwa hiyo makato usiyalinganishe na kutobadili kabisa. Yalinganishe na kubadili wiki ijayo. Makato ya pointi 4 yanalipa pale tu ambapo raundi hii peke yake tofauti yao inazidi pointi 4, au wiki ijayo badiliko la bure tayari lina kazi nyingine ya lazima.

Vipi mchezaji akiumia? Hapa pia watu hukosea kwa kuhesabu kwamba aliyeumia anawapa sifuri. Kama hatacheza hata dakika moja, mchezaji wa benchi huingia badala yake moja kwa moja, mradi mpangilio wa kikosi unaruhusu. Kwa hiyo mlinganishe mchezaji mpya na yule wa benchi. Kama wa benchi anatarajiwa kupata 3 na mpya 6, unatoa pointi 4 ili upate 3. Hiyo ni hasara.

Bei ya kuuzia si ile unayoiona sokoni

Bei hupanda na kushuka kulingana na wingi wa wanaonunua na kuuza. Ukiuza mchezaji aliyepanda, unapata nusu tu ya faida, na kiasi hicho hushushwa hadi desimali moja. Ulimnunua kwa 7.0, sasa ni 7.4: utamuuza kwa 7.2. Akiwa 7.3, utamuuza kwa 7.1. Akishuka hadi 6.8, hasara yote ni yako.

Maana yake ni kwamba kumtoa mtu wiki moja kwa sababu ana mechi ngumu, ukitegemea kumrudisha, kunakugharimu mara mbili: mabadiliko mawili yanatumika, na kumnunua tena ni kwa bei kamili ya 7.4. Mechi moja ngumu, mweke benchi.

Ligi ambako mnabadilishana ninyi kwa ninyi

Katika mtindo wa Draft hakuna bei, na mchezaji mmoja anamilikiwa na mtu mmoja tu ndani ya ligi yenu. Huku mnaweza kubadilishana wachezaji, na ndiko ugomvi huzuka, hasa mmoja anapoonekana amepunjwa.

Kipimo chake ni kuuliza: nikimtoa huyu, nitampata nani kati ya waliobaki huru? Chukua ligi ya watu 8. Makipa wanaomilikiwa ni 16, na Ligi Kuu ya Uingereza ina klabu 20, kwa hiyo kwa kawaida hukosi kipa anayecheza ambaye hana mwenyewe. Washambuliaji wanaomilikiwa ni 24, na klabu nyingi huanza na mshambuliaji mmoja tu. Waliobaki huru wengi ni wa benchi. Hivyo ukitoa kipa mzuri na mshambuliaji wa kawaida, ukapokea kipa wa kawaida na mshambuliaji mzuri, mara nyingi umepata zaidi, hata kama pointi zao kwa jumla zinafanana.

Kubalianeni kabla ya msimu nani ataidhinisha mabadilishano na hadi lini. Aliyekata tamaa mkiani asije akamgawia rafiki yake nyota wake wote mwezi wa mwisho.

Saa ya kufunga mabadiliko

Mabadiliko hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya raundi. Mechi ya kwanza ikiwa ni ile ya mapema ya Jumamosi, saa 6:30 mchana kwa saa za Uingereza, kwetu Afrika Mashariki mlango unafungwa saa 7:00 mchana. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Uingereza inaporudisha saa nyuma, unafungwa saa 8:00 mchana, hadi Jumapili ya mwisho ya Machi. Raundi ikianza Ijumaa usiku, usisubiri Jumamosi, utakuta pamefungwa.

Kama mtandao kwenu unasumbua, kadiria pointi za wachezaji wako kwenye karatasi siku ya Alhamisi, sikiliza habari za majeruhi Ijumaa, kisha ingia mara moja tu kubadili na kuhifadhi. Na kama hesabu inaonyesha faida chini ya pointi moja, acha kikosi kama kilivyo na uweke akiba badiliko lako.