OK: Asili ya Kifupisho na Nafasi Yake katika Insha

Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha insha za kidato cha nne amekumbana na kifupisho hiki. Mtahiniwa anaandika mazungumzo baina ya daktari na mgonjwa. Daktari anasema, "OK, meza dawa hizi." Kalamu nyekundu inasita. Je, hilo ni kosa? Ili kulijibu swali hili, yafaa kwanza tuchunguze asili ya OK.

Nadharia kuhusu asili hiyo ni nyingi. Wapo waliodai kuwa imetokana na maneno ya Kigiriki "ola kala". Wengine waliihusisha na lugha ya Wachoctaw, mojawapo ya jamii asilia za Marekani. Woodrow Wilson, rais wa Marekani kati ya 1913 na 1921, aliishikilia nadharia hii na kuandika "okeh". Wapo pia waliotaja Kiwolof cha Afrika Magharibi. Hata hivyo, mfanano wa sauti pekee si ushahidi.

Aliyelitatua fumbo hili ni Allen Walker Read, mtaalamu wa lugha wa Marekani. Mwaka 1941 alionyesha kuwa kifupisho hiki kilivuma katika kampeni za uchaguzi za 1840. Rais Martin Van Buren alikuwa mzaliwa wa Kinderhook, jimbo la New York. Wafuasi wake walimwita "Old Kinderhook", yaani Mzee wa Kinderhook, wakaunda na chama cha O.K. Read hakuridhika. Alizidi kupekua magazeti ya kale, na katika miaka ya 1963 na 1964 akachapisha ushahidi wa awali zaidi, hivyo akajisahihisha mwenyewe. Gazeti la Boston Morning Post la tarehe 23 Machi 1839 lilikuwa limeandika "o.k." na kuifasiri kuwa "all correct", yaani yote sahihi.

Msomaji makini atauliza: mbona si A.C.? Wakati huo wahariri wa Boston walikuwa na mchezo wa kuendeleza maneno visivyo kwa makusudi, kisha kuyafupisha. "All correct" ikageuzwa kuwa "oll korrect". Vifupisho vingi vya mchezo huo vilikufa, lakini OK ilienezwa na kampeni za 1840. Van Buren alishindwa katika uchaguzi huo; kifupisho kikasalia.

Leo OK ina majukumu kadhaa, na Kiswahili kina neno kwa kila jukumu. Katika kukubali pendekezo, twasema "sawa". Katika kusifu kazi iliyofanywa vizuri, "vyema" au "barabara". Katika kuanzisha jambo au kugeuza mada, "haya". Mwalimu asemaye "OK, fungueni vitabu" angesema "Haya, fungueni vitabu" na asipoteze chochote.

Turejee kwa daktari wetu. Katika isimujamii, kuchanganya ndimi ni sifa ya sajili kadhaa, ikiwemo ya hospitalini. Mtahiniwa akiitia OK kinywani mwa mhusika wa aina hiyo, anasawiri uhalisia. Lakini akiitumia katika usimulizi wake mwenyewe, au katika barua rasmi, amekiuka sajili na anastahili kusahihishwa.

Huenda mwanafunzi mjanja akajitetea: ikiwa OK yenyewe ilizaliwa na makosa ya tahajia, mbona makosa yangu yaadhibiwe? Ajibiwe kuwa wahariri wa Boston walizijua tahajia sahihi, na wasomaji wao pia. Bila ujuzi huo mzaha usingeeleweka. Anayekiuka kanuni kwa makusudi ni tofauti na asiyeijua. Kwa hivyo, mwalimu asiikate OK kabla ya kujiuliza ni nani anayesema, na anasema wapi.