Kadi ya grafiki ya zamani na mpya: unalipia nini hasa?

Anayetaka kufungua steshenari, kibanda cha gemu au kazi ya kuhariri video za harusi pale Kileo mara nyingi huanza na kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika, iliyoletwa kutoka Moshi au Dar es Salaam. Muuzaji humwambia, "Hii ina grafiksi ya GB 4," na bei inapanda. Katika makala hii tunaeleza kadi hiyo hufanya nini, ya zamani na mpya zinatofautiana wapi, na wakati gani huna haja ya kuilipia.

Kazi ya kadi

Picha kwenye skrini ni mkusanyiko wa vidoti. Skrini ya kawaida ya 1920 kwa 1080 ina vidoti zaidi ya milioni 2, na kwa kawaida huchorwa upya mara 60 kila sekunde. Prosesa kuu ni kama fundi mmoja hodari. Kadi ya grafiki ni kama msaragambo: ndani yake kuna prosesa ndogo mamia au maelfu, kila moja ikifanya kipande chepesi, zote kwa wakati mmoja.

Si kila kompyuta ina kadi ya peke yake. Prosesa nyingi za Intel Core kuanzia mwaka 2011 zina grafiki ndani yake, kama ilivyo kwenye simu uliyoshika. Hiyo inatosha kwa kuchapa barua, kujaza fomu mtandaoni na kutazama video za kawaida.

Mwaka peke yake hautoshi

Wengi hudhani kadi iliyotoka karibuni lazima iwe na nguvu zaidi. Tazama kadi hizi mbili za NVIDIA. GTX 750 Ti ilitoka mwaka 2014 ikiwa na prosesa ndogo 640. GT 710 ilitoka mwaka 2016 ikiwa na 192 tu. Ya pili ni changa kwa miaka miwili, lakini kwenye gemu inaachwa mbali.

Sababu iko kwenye jina. Kwa kadi nyingi za NVIDIA, tarakimu za mwanzo huonyesha kizazi na mbili za mwisho huonyesha cheo. Zinazoishia na 10, 20 au 30 ni za chini, 50 na 60 ni za kati, 70 na 80 ni za juu. Kwa hiyo linganisha cheo kwanza, kisha kizazi.

GB nazo hupotosha. GB ni ukubwa wa ghala, si upana wa mlango wake. GT 1030 ya mwaka 2017 ina kumbukumbu ya GDDR5 inayopitisha takriban GB 48 kwa sekunde. Mwaka 2018 ikatoka nyingine yenye jina hilohilo na GB 2 zilezile, ila kumbukumbu yake ni DDR4, na inapitisha chini ya GB 17 kwa sekunde. Usiulize "GB ngapi?" peke yake. Uliza pia aina ya kumbukumbu.

Umeme ndio tofauti kubwa

Hapa kadi mpya hushinda kweli. GTX 480 ya mwaka 2010, iliyokuwa ya juu kabisa wakati wake, hutumia hadi wati 250. GTX 1060 ya mwaka 2016 ni ya kati tu, hutumia wati 120, na inafanya kazi zaidi ya mara mbili ya ile.

Fanya hesabu ya LUKU. Kadi ya wati 250 ikifanya kazi kwa nguvu zote saa 8 inakula uniti 2. Ya wati 120 inakula kama uniti 1. Tofauti hiyo ni ya kila siku ya kazi, na kwa anayetumia sola ni kubwa zaidi. Umeme huo wote hugeuka joto, na kwenye tambarare ya Kileo joto na vumbi ni adui wa feni kuliko kule juu Usangi au Ugweno.

Kompyuta zilizotoka ofisini zina kikwazo kingine. Zile nyembamba, kama HP Compaq 8200 Elite au Dell OptiPlex 7010, zina pawa saplai ya wati 240 hivi kwa mashine nzima. GTX 480 haiwezekani humo. GTX 750 Ti ya wati 60 na GTX 1050 Ti ya wati 75 hutengenezwa hata bila waya wa ziada wa umeme, lakini kasha jembamba linahitaji kadi fupi. Pima nafasi na muulize fundi kabla hujalipa.

Kinachokosekana kwenye za zamani

Simu nyingi za sasa zinaweza kurekodi video kwa mfumo wa H.265. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 ina sehemu maalumu ya kuufungua. GTX 750 Ti haina sehemu kamili, hivyo mzigo humwangukia prosesa na video hukwamakwama. Na kwa anayehariri: GT 1030 inafungua video vizuri, lakini haina kabisa sehemu ya kuzitengeneza, yaani haitakusaidia wakati wa kutoa kazi iliyokamilika.

Pia kuna draiva, programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi. Kwa kadi za familia ya Kepler, iliyoanza mwaka 2012, NVIDIA iliacha kutoa draiva mpya za gemu mwaka 2021. Gemu za zamani zitacheza, mpya huenda zikagoma.

Bandia na zilizochoka

Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi hiyo usiku na mchana zikaingia sokoni kama mitumba. Nyingine bado nzima, nyingine feni zimechoka.

Zipo pia kadi za mwaka 2010 hivi zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Dalili mojawapo ni tundu la VGA, lile la bluu lenye pini 15, kwa sababu chipu halisi ya 1050 Ti haitoi mawimbi ya VGA. Programu ya bure iitwayo GPU-Z hutambua nyingi za aina hiyo na kuandika neno FAKE mbele ya jina.

Uchague ipi?

Kwa steshenari, usinunue kadi. Weka fedha kwenye diski ya SSD na RAM, utaona tofauti siku hiyohiyo.

Kwa gemu za mpira za miaka iliyopita, GTX 750 Ti inatosha. Kwa kuhariri video za simu, anzia GTX 1050 Ti.

Na kabla ya kulipa, iwashwe mbele yako, ufungue GPU-Z usome jina na aina ya kumbukumbu, kisha gemu au video ichezwe nusu saa. Kadi mbovu mara nyingi hujionyesha ikishapata moto.